Mume wa Thavry Kaingia Mtini

Mume wa Thavry alikuwa ndani ya mti, na jambo hilo halikuwa siri kwa mtu yeyote wa kijiji cha Prey Thnal. Hakuingia mitini kwa maana ile ya wanaume wanaokwepa wake zao, ingawa na hiyo aliwahi kuijaribu. Aliingia mtini hasa. Alipofariki, Thavry hakuwa na uwezo wa kumjengea mnara wa majivu kwenye uwanja wa watawa kama wafanyavyo wenye nacho. Basi alikichukua chungu cha majivu, akakisukuma ndani ya pango dogo katikati ya mizizi ya spung, ule mti mkubwa ulioota juu ya hekalu la kale, nyuma ya kibanda chake cha tambi. Mti ukaendelea na shughuli zake. Mzizi ukanenepa, ukaufumba mdomo wa pango, na siku moja Thavry alipokwenda kuchoma ubani akakuta hapana hata pa kupenyeza kidole. Sambath alikwisha kumezwa.

Mwanamke mwingine angelia. Thavry alifurahi, maana kwa mara ya kwanza tangu waoane alijua kwa hakika mumewe yuko wapi. Huyu Sambath enzi za uhai wake alikuwa na mjane wake huko ng'ambo ya ziwa, muuza bata, na mara mbili tatu Thavry alilazimika kumfuata kwa mtumbwi na kumrudisha nyumbani kwa sikio, huku bata wote wa kijiji kile wakishangilia. Alimwambia mbele ya watu kwamba yeye hataachwa na wala hataacha, na mke mwenza hataki kumsikia hata kwa jina. Baada ya msiba, kinyozi wa sokoni alipoleta posa, Thavry alimjibu bila kupepesa macho kuwa yeye ana mume, yumo mtini, aende akamwombe ruhusa mwenyewe. Kinyozi alikwenda mpaka shinani, akatazama juu, akarudi zake.

Hivyo ndivyo walivyoishi, mume mtini na mke kibandani, mpaka alipokuja Ponleak.

Ponleak alikuwa afisa kijana wa magofu, amepiga shati jeupe na mkanda wa ngozi, na alikuwa na mapenzi ya kweli na mawe. Alizunguka hekalu akiwa ameweka mikono nyuma, akagusa ukuta, akachungulia nyuma ya pazia la mizizi na matambara ya mimea, kisha akatangaza kwamba ukuta wa mashariki unafunguka. Ndani kule, alisema, kuna mwanamwali wa jiwe, mmoja wa wale wachezaji wa mbinguni waliochongwa na mababu, na huu mti unamvunja mbavu. Mti lazima ukatwe. Wakata miti watakuja na misumeno yao ya mota punde mpunga utakapokuwa ghalani.

Thavry aliweka chini kijiko cha mchuzi. Alimwuliza ule mti ukishakatwa utafanywa nini.

"Mbao, shangazi," Ponleak alisema kwa adabu. "Za masanduku, labda. Mti wenyewe laini, haufai kwa kazi kubwa."

Hapo ndipo maji yalipomfika Thavry shingoni. Mume kugeuzwa masanduku ni jambo moja, lakini kuambiwa kuwa hata kwa kazi kubwa hafai, na mtu ambaye hakumjua, lile lilimchoma. Alifunga kibanda mchana mchana akaenda kwa Achar Nhean.

Achar Nhean ndiye aliyekuwa mjuzi wa taratibu zote za ibada kijijini: nani akae wapi kwenye arusi, maiti aelekezwe wapi, mtoto anyolewe lini. Aliwahi kuwa mtawa miaka mingi, akatoka, na tangu atoke amekuwa mkali wa taratibu kuliko watawa wenyewe. Alimsikiliza Thavry mpaka mwisho, akasema dawa ipo na ni rahisi. Watu wa mikoa mingine, misitu yao inapotaka kukatwa, huifanya miti kuwa watawa. Unauvisha mti joho la manjano, na hakuna Mkhmeri aliyezaliwa na mama ambaye atatia msumeno kwenye joho.

Kosa lilifanyika papo hapo, ila wakati ule halikuonekana kuwa kosa. Hao watu wa mikoa mingine hufunga kitambaa tu shinani, wakasoma dua, wakaenda zao kula. Achar Nhean hakuwa mtu wa nusu nusu. Kama ni utawa, alisema, basi uwe utawa kamili.

Kwa hiyo siku ya ibada mti uliulizwa maswali yote anayoulizwa kijana anayeingia utawani. Mkuu wa watawa alikuwa mzee mpole mwenye masikio mazito, na aliyasoma kama yalivyo. Wewe ni binadamu? Achar Nhean, aliyesimama shinani kama msemaji wa mti, akajibu kuwa ndiyo, Mtukufu. Ni mwanamume? Ndiyo, Mtukufu. Hukutoroka jeshini? Sikutoroka. Una ruhusa ya mkeo? Hapo Achar akamgeukia Thavry, na Thavry, aliyejifunga kitambaa cheupe begani na machozi yakimlenga, akajibu kwa sauti ya kusikika barabarani kwamba yeye ndiye mkewe na amemruhusu. Mti ukavishwa joho. Ilibidi yashonwe majoho mengi pamoja ili yamtoshe.

Wakata miti walipofika na kuona manjano yale, walizima gari, wakavua kofia na kupiga magoti, wakasujudu mara tatu, wakanywa kahawa ya barafu kwa Thavry, wakarudi walikotoka. Ponleak alibaki amesimama peke yake barabarani na uso umempauka. Kijiji kizima kilimwonea huruma na kumcheka kwa wakati mmoja.

Tangu siku hiyo hakuna aliyesema tena kuwa mti umepukutisha majani. Walisema Mtukufu amepukutisha majani. Mtukufu alipelekewa wali na mchuzi kila asubuhi, na kwa kuwa mtawa hali baada ya saa sita mchana, mbwa na kima nao walijifunza kuwahi. Wanaume walikuja kumwuliza namba za bahati nasibu, wakihesabu matawi yake. Thavry ndiye aliyepata tabu. Mwanamke hamgusi mtawa, na wala hakai naye faragha. Yeye aliyezoea kuegemea mzizi ule jioni na kumsimulia Sambath habari za sokoni, sasa alikaa mbali kwenye mkeka, miguu ameikunja upande kwa heshima, na Achar Nhean ameketi katikati yao kama shahidi. Achar alikuwa akisinzia, lakini hata kusinzia kwake kulimfanya Thavry ashindwe kumwambia mumewe mambo ya maana. Alimwambia bei ya vitunguu tu.

Angalau yu hai, alijisemea. Akapiga moyo konde.

Yaliyofuata yaliletwa na uchaji Mungu wa Bi Chhoy. Bi Chhoy alikuwa jirani wa Thavry, mama wa mabinti watano, mwenye bidii isiyoombwa. Aliona haifai Mtukufu akae kwenye uchafu wa mimea, akaja na panga dogo na ufagio akaanza kumsafisha ubavuni, akijihadhari asimguse kwa mkono. Aling'oa mtambaazi huu, akakata ule, akavuta pazia zima la majani makavu likaporomoka, halafu akaita watu.

Nyuma ya pazia alikuwepo mwanamwali wa jiwe. Alikuwa mzuri, hilo hata Thavry alikiri baadaye. Ametabasamu, macho ameyafumba nusu, kichwani ana taji, na kifua kiko wazi kama walivyokuwa wakivaa zamani. Na Mtukufu alikuwa amemkumbatia. Mzizi mmoja ulipita nyuma ya shingo yake, mwingine ulimzunguka kiunoni ukashuka, na kidole cha mzizi, samahani kwa kusema, kilikuwa mahali ambapo kidole cha mtawa hakipaswi kuwa.

Bi Chhoy alijifunika uso kwa kitambaa, akabakiza jicho moja. Akasema kwa muda wote huu wamekuwa wakimlisha wali mtawa anayelala na mwanamke.

"Huyo ni Sambath," mtu fulani alisema kwa nyuma. "Hata kufa hakukumfundisha."

Watu walicheka, na Thavry aliyekuwa amefika mbio na mikono ina unga, alicheka nao kwa sekunde moja. Kisha akaukazia macho ule mzizi wa kiunoni. Ulikuwa ni ule ule uliokifunika chungu. Wivu ulimpanda kama miaka ile ya mtumbwi, akajionea aibu kumwonea wivu jiwe, na aibu hiyo haikuupunguza wivu hata kidogo.

Habari zilifika nyumba ya watawa kabla ya jioni, na zilimfikia Ponleak pia, kwa maana siku ya kikao cha kumjadili Mtukufu alikuwa wa kwanza kufika, na alikuja na wakata miti wote garini. Alikuwa amechangamka. Mkuu wa watawa aliketi kwenye mkeka mbele ya mti, akautazama kwa muda mrefu, akauliza kama ule mkono ni mkono au ni kivuli. Alipoambiwa ni mkono akahuzunika. Alieleza kuwa mtawa anayemshika mwanamke ana hatia nzito. Hutengwa na wenzake, hulala peke yake, hutubu. Hawezi kutengwa huyu, alisema, kwa kuwa hatembei, na kulala peke yake ndiko hasa asikoweza. Basi ama amwachie huyo mwanamwali, ama avue joho.

Mtu akashauri yule mwanamwali apunguzwe kifua kwa patasi awe mwanamume. Ponleak aligeuka rangi. Alisimama mbele ya ukuta akiwa ametandaza mikono, akasema atakayemgusa atakwenda jela, maana huyu ni amana ya taifa, na yeye, Ponleak, ndiye mwenye dhamana naye mpaka siku atakayostaafu.

Mtu mwingine, mgeni tu aliyekuja kununua nguruwe, akauliza kwa nini wanajisumbua na huyo ni jiwe.

Kila mtu aliliona shimo. Ikiwa yule ni jiwe, basi huyu ni mti, na ikiwa huyu ni mti, wao walimsujudia nani na wali umeliwa na nani? Mkuu wa watawa alijifanya hakusikia, na kwa masikio yake iliwezekana. Mnunuzi wa nguruwe alionyeshwa njia fupi ya kurudi barabarani.

Basi joho lilivuliwa. Achar Nhean aliomba radhi kwa niaba ya mti, mkuu wa watawa akapokea joho, na manjano yote yale yakakunjwa yakawekwa kwenye baiskeli. Mti ulibaki uchi. Ponleak aliwapungia mkono wakata miti, nao wakaanza kushusha misumeno. Thavry alitembea moja kwa moja mpaka shinani, akakaa chini, mgongo kwenye mzizi. Hapakuwa na sheria ya kumzuia tena. Aliwaambia waanze na yeye.

Aliyeokoa jambo, au aliyeliharibu kabisa, ni Bi Chhoy. Aliuliza swali la kawaida kwa mama mwenye mabinti watano. Huyu kijana amevua joho, alisema, sawa, wanaume huvua majoho kila siku wakaenda kuoa. Lakini binti je? Ameshikwashikwa mbele ya kijiji kizima. Sasa mtamkata kijana aliyemshika, binti abaki na aibu yake ukutani? Kwao ni wapi, na baba yake ni nani?

Wakata miti walisimama. Nao walikuwa na mabinti. Mmoja baada ya mwingine walimgeukia Ponleak, ambaye muda si mrefu uliopita alikuwa ametangaza dhamana yake kwa mikono miwili.

Ponleak alisema yeye hajaoa, hawezi kuwa baba wa mtu, tena mtu mwenye umri wa miaka mia nane. Achar Nhean akamkata kauli kuwa mlezi ni mlezi. Na kama binti anaozwa, basi mila iko wazi kama mchana: mume ndiye anayehamia kwao mke, akawatumikia wakwe. Kijana huyu alikwisha kuhamia. Amebeba paa la nyumba ya wakwe zake miaka yote hii bila kulalamika. Mkwe gani kijijini amefanya hivyo? Na ni mzazi gani anayemtia msumeno mkwe wake?

Wakata miti waliitikia kwa kichwa. Mmoja akauliza kama kutakuwa na chakula.

Ponleak alijishika kiuno, akatafakari, na hapo akapata upenyo wake. Hakuwa mjinga.

"Haiwezekani," alisema. "Bwana harusi ana mke. Sheria ya nchi ni mume mmoja, mke mmoja. Shangazi, siku ile ulijibu kwa kinywa chako mbele ya watawa kwamba wewe ndiye mkewe. Nilikuwepo. Sasa chagua. Kama mumeo alikufa, useme amekufa na hayumo humu, huu ni mti kama mti. Kama yumo, ana mke, na binti yangu simwozi kwa mume wa mtu."

Alishtuka mwenyewe kusikia amesema binti yangu, lakini lilikwisha kumtoka.

Wote walimtazama Thavry. Achar Nhean alichuchumaa karibu yake akamnong'oneza kuwa kuna njia mbili. Aseme Sambath alikwisha kufa, yeye ni mjane, na mti ni kijana asiye na mke. Ni neno moja tu, na ni kweli. Au amwache, talaka ya wazi mbele ya mashahidi. Vyovyote vile mti utapona.

Thavry aliweka kiganja chake juu ya mzizi uliokifunika chungu, akautazama mkono ule mwingine uliomzunguka mwanamwali. Alifikiria neno lile moja. Hakuwahi kulitamka. Alipokuwa akienda sokoni na watu wakimuuliza mzee hajambo, alijibu hajambo, na walioanza kwa mzaha waliishia kuuliza kwa adabu. Angelisema leo, kesho nani angemuuliza? Na akirudi hapa jioni angeongea na nani?

Na lile la talaka nalo alikuwa ameapa hatalifanya. Alisimama.

"Nimemwacha," alisema. "Sikilizeni vizuri nisirudie. Sambath nimemwacha, mimi na yeye basi. Afadhali awe hai kwa mwanamke mwingine kuliko awe maiti kwangu."

Hakuna aliyecheka. Hata Bi Chhoy aliuacha wazi uso wake wote. Ponleak akasema, kwa sauti ya mzazi aliyechoka, kwamba ana masharti. Bwana harusi asimbane binti. Ataletewa mihimili ya chuma ya kuegemea, na akiendelea kumbana yeye Ponleak atakuja mwenyewe. Achar Nhean akakubali kwa niaba ya mti.

Arusi ilifanyika siku ile ile, kwa kuwa wageni walikuwepo na hakuna aliyetaka mtu aanze kufikiri upya. Wanawake walileta matunda kwa sinia, migomba miwili ikasimamishwa mlangoni mwa hekalu, na mkata miti mmoja akaimba nyimbo za kunyoa bwana harusi huku akipunguza matawi mawili makavu. Upande wa binti walikaa Ponleak na dereva wake. Upande wa bwana harusi hakukuwa na mtu. Sambath alikuwa yatima tangu utotoni, hana ndugu, na mti nao ulikuja peke yake, mbegu iliyoangushwa na ndege. Achar Nhean alitazama mkeka mtupu, akamtazama Thavry, na akaona haya kuuliza. Thavry akaenda akakaa.

Ulipofika wakati wa kuwafunga maharusi nyuzi za baraka mikononi, yeye kama mkubwa wa upande wa mume ndiye aliyepaswa kutangulia. Alichukua uzi mwekundu akaufunga kwenye ncha ya mzizi. Wa pili aliufunga kwenye kifundo cha mkono wa jiwe, na kwa kuwa mkono ulikuwa umeshikana na ukuta ilibidi aupitishe uzi kwa kijiti, polepole, uso wake karibu na uso wa yule mwanamwali. Hapo akakwama. Desturi inataka umtakie bibi harusi jambo, na hakujua amwite nani. Kwa miaka mia nane angepaswa kumwita bibi. Kwa sura alikuwa binti. Watu nyuma walisubiri, na wali ulikuwa unapoa.

"Mdogo wangu," Thavry alimwambia kwa sauti ndogo, akikaza fundo. "Anakoroma. Usimwamshe, msukume tu ubavuni, atageuka mwenyewe. Na kichuguu kikianza pale chini mtu aniite, yeye hasemi akiumwa."

Akarudi mkekani kwake, akampisha Ponleak.